Kampuni imepata faida, hisa zimeshuka: kuna nini hapo?

Juzi dogo mmoja hapa Mhunze kaniuliza swali nikaona nilijibu hapa, wengi tufaidike. Kasikia redioni kampuni imetangaza faida, kuangalia bei ya hisa, imeshuka! "Kaka, hawa jamaa si wanatupiga changa la macho?"

Hapana mdogo wangu. Twende taratibu.

Chukua pamba yetu. Tuseme mwaka jana kilo ilikuwa shilingi 900, na msimu huu kila mtu anaambiwa itafika 1,200. Watu wameshakopa mabati kwa hesabu hiyo. Siku ya kutangaza, inatajwa 1,000. Imepanda kuliko mwaka jana, lakini kijiji kizima kimenuna. Kwa nini? Kwa sababu watu walishaishi na ile 1,200 vichwani.

Soko la hisa ni hivyo hivyo. Bei ya leo imeshabeba kile ambacho watu wanakitarajia kesho. Kinachoisukuma ni tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea. Na matarajio hayo kwenye masoko makubwa kama London yanaandikwa na wachambuzi, watu wanaolipwa kukadiria faida ya kampuni kabla haijatangazwa. Kampuni zenyewe nazo hutoa makadirio yao.

Mwaka 1968 Ray Ball na Philip Brown walichambua faida za makampuni ya soko la New York. Wakakuta hisa za waliozidi matarajio zilipanda na za waliopungukiwa zilishuka. Lakini kubwa zaidi: asilimia 85 hadi 90 ya habari hiyo soko lilikuwa limeshaipata kabla ripoti haijatoka. Yaani ukisubiri gazeti likuambie, wenzako wameshakula.

Mfano wa kwetu kabisa ni Acacia, waliokuwa na Bulyanhulu na Buzwagi kule Kahama. Hisa zao ziliuzwa London, na kwa Dar pia ziliorodheshwa. Mwaka 2016 walizalisha wakia 829,705 za dhahabu, na kwa 2017 wakaahidi kati ya 850,000 na 900,000. Machi 2017 serikali ikazuia kusafirisha makinikia, yaliyokuwa yanawapa takriban asilimia 30 ya mapato. Tarehe 24 Mei ripoti ya kamati ya Profesa Mruma ikasomwa Ikulu, ikidai kwenye makontena kulikuwa na dhahabu nyingi kuliko ilivyotajwa. Kampuni ikakanusha. Hisa zikaporomoka hata hivyo.

Ona sasa: hasara ya mwaka huo, zaidi ya dola milioni 700, kubwa yake ikiwa ni thamani ya migodi iliyopunguzwa kwenye vitabu, ilitangazwa Februari 2018. Soko lilikuwa limeanza kulia miezi mingi nyuma. Vitabu vya hesabu vilikuja kuthibitisha msiba uliokwisha kujulikana.

Na kuna kitu kingine cha kuchekesha. Uzalishaji wa 2017 uliishia wakia 767,883. Ukilinganisha na ahadi ya kwanza, ni aibu. Ukilinganisha na makadirio waliyoyashusha baadaye mwaka huo, takriban 750,000, wamevuka lengo! Kwa hiyo ukisikia kampuni "imezidi matarajio", uliza: matarajio ya lini?

Hapa hapa Mwadui mambo yalifanana. Petra Diamonds, waliokuwa wamiliki wakubwa kuanzia 2009 hadi walipouza 2025, nao wako soko la London. Septemba 2017 shehena ya almasi ilipozuiliwa uwanja wa ndege Dar, hisa zao zilishuka bila kusubiri mizania yoyote. Na hili si la wazungu peke yao. Kampuni ikiporomoka sokoni, kukopa kunakuwa kugumu, matumizi yanabanwa, na anayebanwa mapema ni kibarua na mama ntilie wa getini. Bulyanhulu shughuli zilipunguzwa Septemba ile ile, watu kibao wakakosa kazi.

Sasa wewe unayetaka kununua hisa Dar kwa simu, angalia haya. Moja, usilinganishe faida na mwaka jana tu, ulizia watu walikuwa wanategemea nini. Pili, faida imetoka wapi: mauzo, au kiwanja kimeuzwa mara moja basi? Pesa taslimu ipo? Tatu, hisa nyingi za kwetu hazinunuliwi kila siku, kwa hiyo bei inaweza kuchelewa kuitikia habari, na siku unataka kuuza unaweza kukosa mnunuzi. Nne, mchambuzi naye ni binadamu. Jua nani anamlipa.

Anayekuambia "hii lazima ipande" muulize swali moja tu: unajua nini ambacho bei haijakijua? Akibabaika, funga mkoba wako.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mwenye swali au aliyewahi kununua hisa atuambie ilikuwaje.