Rafiki Anayekuzidi Kipaji

Fujino yuko darasa la nne, na kila gazeti la shule linapotoka wenzake hukimbilia katuni yake ya picha nne. Wanacheka, wanamsifu, naye anajibu kwamba ameichora kwa dakika chache tu. Kisha mwalimu anamwomba amwachie nafasi moja Kyomoto, mwanafunzi mwenzao asiyefika shuleni kwa kuogopa watu. Toleo linalofuata linazibeba katuni zote mbili, bega kwa bega. Ya Kyomoto haina mtu hata mmoja. Ni majengo ya shule, korido na madirisha, yaliyochorwa kwa mkono uliokomaa kupita umri wake. Mvulana mmoja anaitazama na kusema kwamba ukilinganisha, mbona ya Fujino ni ya kawaida tu.

Ndivyo wanavyojuana. Kijicho kinatangulia, sura zinafuata baadaye.

Ni kisa cha filamu ya Look Back, iliyotolewa Japani Juni 2024. Ina dakika 58 tu. Kiyotaka Oshiyama aliiongoza na michoro yake mingi aliichora mwenyewe, kutokana na manga, yaani hadithi ya picha, ya Tatsuki Fujimoto ya mwaka 2021. Ni mojawapo ya filamu chache za anime, yaani katuni za Kijapani, zilizouchukua urafiki wa wasichana na kuupa uzito ambao sinema nyingi huuweka kwenye mapenzi au vita. Zinakubali kwamba msichana anaweza kumpenda shoga yake na kumwonea kijicho kwa wakati mmoja, tena hazimwadhibu kwa hilo. Katika hadithi nyingi za wasichana wawili, mwenye wivu ndiye adui. Humu mwenye wivu ndiye mwandani.

Mada yenyewe ni kongwe huko Japani. Mwaka 1899 serikali ya Japani iliagiza kila mkoa uwe na shule ya sekondari ya wasichana, na kwa mara ya kwanza maelfu ya mabinti wakaishi ujana wao pamoja, mbali na jikoni kwa mama zao. Kutokea mwaka 1916 mwandishi Nobuko Yoshiya alianza kuwaandikia hadithi fupi zilizokuja kukusanywa kwa jina la Hana Monogatari, yaani hadithi za maua, na wasichana walizipokea kwa mapenzi makubwa. Mara nyingi ni wanafunzi wawili walioshibana, kisha masomo yanakwisha na kila mmoja anapelekwa upande wake, pengine kuolewa. Utengano huo umerithiwa na anime. Kilichobadilika ni kinachotenganisha: siku hizi mara nyingi ni kazi, au nafasi ya kusoma chuo ambayo mmoja anaipata na mwingine hana.

Hakuna aliyelichimba jambo hili kama Naoko Yamada katika Liz and the Blue Bird, filamu ya studio ya Kyoto Animation iliyotoka Aprili 2018. Mswada ni wa Reiko Yoshida, na wahusika wanatoka katika riwaya za Ayano Takeda kuhusu bendi ya shule moja mjini Uji, mkoani Kyoto. Mizore anapuliza obo, ala yenye matete mawili mdomoni, jamaa wa nzumari ya pwani. Nozomi anapuliza filimbi. Nozomi ana marafiki tele; Mizore ana Nozomi. Walipokuwa mwaka wa kwanza, Nozomi aliihama bendi pamoja na wenzake bila kumwambia Mizore, na baadaye akarudi akicheka kama kawaida yake. Sasa wako mwaka wa mwisho. Muziki wa mashindano una sehemu ambapo obo na filimbi zinajibizana peke yake, na kila wakijaribu haziivi chungu kimoja.

Muziki huo unasimulia kisa cha Liz, mfanyakazi wa duka la mikate anayeishi peke yake. Ndege wa buluu anajigeuza msichana na kuwa mwandani wake, halafu Liz anamfungulia aruke zake. Mizore anajiona ni Liz, na akili yake inakataa: mtu anawezaje kumwachia anayempenda? Mwalimu mmoja anamshauri ajaribu kukitazama kisa kwa macho ya ndege. Siku hiyo Mizore anapuliza kwa pumzi yake yote, na bendi nzima inafahamu kwamba muda wote alikuwa akijizuia. Wapo wanaolia. Nozomi filimbi inamshinda mkononi.

Kinachofuata kinatokea katika chumba cha sayansi, mahali Mizore anapopenda kwenda kuwalisha bunju waliofugwa kwenye tangi. Anamkumbatia Nozomi na kumtajia anachokipenda kwake: kicheko chake, anavyoongea, nywele zake, hatua zake anapotembea. Nozomi anajibu kwamba anaipenda obo ya Mizore. Mtu anaweza kuitazama filamu mara mbili kabla ya kuona jeraha liko wapi. Mizore ametaja kila kitu isipokuwa filimbi. Kwake muziki ulikuwa njia tu ya kuwa karibu na Nozomi. Nozomi naye alikuwa na kiu ya kusikia hilo moja, kwamba anapuliza vizuri, na mwenye haki ya kulisema hakulisema. Hakuna kati yao aliyekosa. Ni mapenzi ya watu wawili yaliyopishana njiani, na Yamada anayaacha hivyo bila kuyapaka sukari.

Ufundi wake uko miguuni. Yamada anajulikana kwa kushusha kamera hadi kwenye viatu na magoti, kwa sababu uso wa msichana umefunzwa kuficha na miguu haijafunzwa. Filamu inaanza na Mizore ameketi kwenye ngazi za shule akisubiri. Mtu mwingine anapita, anainua macho, anayashusha. Kisha zinasikika hatua za Nozomi, nyepesi na za haraka, na mwili wote wa Mizore unaamka. Wanapoingia ndani, mmoja anatangulia na mwingine anafuata, na viatu vyao haviendi sawa. Mtunzi wa muziki, Kensuke Ushio, alizitungia hatua hizo muziki, na akatumia pia sauti za vitu vya kawaida vya shuleni. Kabla neno lolote la maana halijasemwa, mtazamaji ameshaambiwa nani anamhitaji mwenzake zaidi.

Sura za wasichana hao wawili zilibuniwa na Futoshi Nishiya. Julai 18, 2019, mtu mmoja alimwaga petroli katika studio ya Kyoto Animation na kuichoma moto. Watu 36 walikufa, Nishiya akiwa mmoja wao. Manga ya Look Back ilichapishwa Julai 19, 2021, siku moja baada ya kumbukumbu ya pili ya msiba huo, na wasomaji wengi wa Japani waliuona uhusiano mara moja.

Kwa maana Fujino na Kyomoto nao wanafikishwa kwenye msiba wa namna hiyo. Fujino anajifua miaka miwili ili amfikie asiyemjua, kisha katika darasa la sita anakata tamaa na kuweka kalamu chini. Siku ya kuhitimu anatumwa ampelekee Kyomoto cheti. Ndani ya nyumba anakuta korido imejaa madaftari ya michoro, na kwa hasira au kwa utani anachora katuni ya picha nne inayoteleza chini ya mlango. Kyomoto anatoka mbio kumfuata, anamwita mwalimu, anaomba saini mgongoni mwa vazi lake. Kumbe aliyekuwa akionewa wivu alikuwa shabiki namba moja! Fujino anajikaza mpaka wanaachana, kisha anaelekea nyumbani kwenye mvua akirukaruka, mikono hewani. Filamu nzima haina furaha kubwa kuliko hiyo.

Wanachora pamoja kwa miaka, Fujino akichora watu na Kyomoto mandhari, mpaka Kyomoto anaposema anataka kusomea sanaa chuoni, ajifunze kusimama mwenyewe. Fujino anamwambia maneno ya kumvunja moyo. Anasema kwa hofu ya kuachwa, na kila aliyewahi kuachwa ataitambua hofu hiyo. Baadaye mtu mwenye silaha anavamia chuo hicho na Kyomoto anauawa. Fujino anarudi kwenye korido ileile akiwa na swali moja: asingechora katuni ile, je, Kyomoto angetoka chumbani?

Kwa upande wa faraja, yuko Ursula. Katika Kiki's Delivery Service ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 1989, iliyotokana na kitabu cha Eiko Kadono, Kiki, mchawi mdogo wa miaka 13, anapoteza uwezo wa kuruka. Anayemshika mkono ni Ursula, msichana mkubwa kidogo, mchoraji anayeishi kibandani msituni. Anamsimulia jinsi naye alivyowahi kushindwa kuchora kwa kuiga kazi za wengine, na anamshauri aache kujilazimisha kwa muda, atembee, apumzike. Kwa Kijapani wote wawili walipewa sauti na mwigizaji mmoja, Minami Takayama, na mtazamaji anasikia kama Kiki anaongea na nafsi yake ya kesho.

When Marnie Was There ya Studio Ghibli, ya mwaka 2014, inaanza kwa nguvu hiyohiyo: Anna, mtoto wa kulelewa anayejichukia, anamkuta Marnie kwenye jumba la ufukweni Hokkaido na kupendwa kwa mara ya kwanza bila masharti. Lakini mwishoni inabainika kwamba Marnie ni bibi yake. Inaliza, hakuna ubishi, ila urafiki unageuzwa kuwa damu, kama vile peke yake haukutosha.

Yamada mwenyewe alirudi mwaka 2024 na Kimi no Iro. Totsuko, mwanafunzi wa shule ya Kikatoliki anayewaona watu kwa rangi zao, anavutwa na rangi ya Kimi, na pamoja na mvulana aitwaye Rui wanaunda bendi. Wanawaficha wakubwa mambo, wanabainika, wanapiga muziki. Totsuko anajua kwamba Kimi anang'aa kuliko yeye, na hilo halimuumi hata kidogo. Ni filamu nzuri na ya upole, nyimbo zake hazitoki kichwani, lakini uzito wa Liz haumo, kwa sababu hakuna aliyebeba alichokibeba Nozomi. Yamada alizaliwa mwaka 1984. Ana muda wa kutosha wa kurudi kwa wasichana wasiolingana, na huko ndiko kazi yake iliyo bora imetoka.