Uliza mkutubi: jinsi ya kupata kitabu unachohitaji kwa lugha unayoisoma

Katika kambi na makazi mengi ya wakimbizi, watu huona maktaba kuwa mahali pa wanafunzi. Mtu mzima hupita nje akienda kisimani au kwenye foleni ya mgao, na haingii. Anayeingia kwa mara ya kwanza huangalia rafu, huona vitabu vya Kiingereza mstari baada ya mstari, kisha hutoka bila kusema neno na mtu. Kwa aliyesoma kwa Kifaransa na Kiswahili huko Kongo au Burundi, rafu hizo zinaonekana kuwa za watu wengine.

Lakini huenda kitabu anachotaka kipo, au kingeweza kutafutwa kama angeuliza. Makala haya yanaeleza mkutubi anafanya kazi gani, unaweza kumuuliza nini, una haki gani ndani ya maktaba, na mwandishi anaingia wapi. Yanawahusu wakimbizi na wenyeji, kwa sababu maktaba nyingi za makazi hutumiwa na wote.

Je, maktaba ni ya nani?

Kuna tamko la kimataifa kuhusu maktaba za umma. Lilitolewa na UNESCO mwaka 1949, na toleo la sasa, lililoandaliwa pamoja na shirikisho la kimataifa la maktaba (IFLA), ni la mwaka 2022. Tamko hilo linasema huduma za maktaba ya umma zitolewe kwa usawa kwa watu wote, bila kubagua umri, kabila, jinsia, dini, uraia, lugha au hali ya maisha. Linasema pia kwamba kimsingi huduma hizo ziwe bure.

Tamko si sheria ya nchi, na kila maktaba ina kanuni zake. Nyingine hukuruhusu kusomea ndani tu. Nyingine huazimisha vitabu, lakini huomba kitambulisho au mtu wa kukudhamini. Baadhi hutoza faini ndogo kitabu kikichelewa. Uliza kanuni hizo siku ya kwanza, ili usije ukaogopa kurudi kwa sababu kitabu kimechelewa au mtoto amekichana.

Mkutubi ni nani?

Mkutubi ni mtu anayesimamia maktaba. Wengi humjua kama mtu wa kupanga vitabu na kuwanyamazisha watoto. Kazi yake kubwa, hata hivyo, ni kumsaidia msomaji kujua anachotafuta, kwa sababu mara nyingi tunaanza na swali pana kuliko haja yetu.

Chukua mfano huu. Mama mmoja anaingia na kusema, "Nataka kitabu cha kuku."

"Karibu, mama. Unataka kuanza kufuga, au tayari unao?"

"Ninao. Wanakufa. Juzi wanane kwa siku mbili."

"Pole sana. Nani atakisoma, wewe mwenyewe au mtoto atakusomea?"

"Mimi nasoma Kiswahili. Kiingereza mtoto wa darasa la sita anajaribu."

Sasa mkutubi hatafuti tena "kitabu cha kuku". Anatafuta maelezo mafupi ya magonjwa kama kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, yawe na picha na yawe kwa Kiswahili. Asipoyapata, anaweza kutoa kitabu cha Kiingereza chenye picha nyingi ili mama na mtoto wasome pamoja. Anaweza pia kumwelekeza kwa afisa mifugo, kwa sababu kuku wanaoendelea kufa hawawezi kusubiri kitabu.

Mazungumzo hayo ya dakika mbili ndiyo moyo wa kazi ya ukutubi. Hayamtaki msomaji awe amesoma sana. Yanamtaka aseme shida yake kwa maneno yake mwenyewe.

Je, namba kwenye mgongo wa kitabu zina maana gani?

Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa namba, kwa utaratibu uliotungwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Namba huanzia 000 hadi 999, na kila eneo la elimu lina sehemu yake. Ukizijua chache, utaweza kutafuta mwenyewe:

- 340: sheria
- 370: elimu na ualimu
- 400 na kuendelea: lugha, pamoja na kamusi
- 610: afya na tiba
- 630: kilimo, na 636 ni ufugaji
- 641: chakula na mapishi
- 646: ushonaji na mavazi
- 800 na kuendelea: fasihi, yaani ushairi, tamthilia na hadithi
- 960: historia ya Afrika

Maktaba ndogo hazifuati namba kila mara. Nyingine hutumia rangi, au hutenga rafu kwa lugha na kwa madarasa ya shule. Muulize mkutubi anavyopanga.

Je, mkutubi atawaambia wengine ninachosoma?

Hili ni jambo zito mahali ambapo majirani wanajuana. Mtu anaweza kutaka kusoma kuhusu virusi vya Ukimwi, uzazi wa mpango, talaka, au vita vya nyumbani kwao, na asitake wengine wajue. Miongozo ya maadili ya wakutubi, iliyotolewa na IFLA mwaka 2012, inawataka walinde siri za wasomaji wao. Una haki ya kuuliza: "Daftari hili la kuazima linaonwa na nani?" Kama hutaki jina lako liandikwe karibu na kitabu fulani, omba kukisomea ndani.

Kumbuka pia mipaka ya kazi hii. Mkutubi anaweza kukuonyesha kitabu cha sheria au cha afya, lakini si wakili wala daktari, na hawezi kuamua kesi yako ya hifadhi au ya kupelekwa nchi ya tatu. Kwa mambo hayo nenda ofisi inayohusika. Huduma za UNHCR na washirika wake ni bure. Mtu yeyote, ndani ya maktaba au nje, akikuomba pesa ili akusaidie kupata huduma hizo, usimpe, na utoe taarifa.

Kwa nini vitabu vya Kiswahili ni vichache?

Sababu ya kwanza ni kwamba vitabu vingi vya makazi huja kama msaada, na mtoaji hutoa alichonacho. Sababu ya pili ni shule. Kwa mfano nchini Uganda, masomo ya madarasa ya juu hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo vitabu vya kiada navyo ni vya Kiingereza. Serikali ya Uganda iliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, lakini vitabu havijazi rafu kwa uamuzi peke yake.

Sababu ya tatu ni kwamba tafsiri huchelewa, hata kwa waandishi wakubwa. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, na Kiswahili ndiyo lugha aliyokulia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 aliondoka akiwa kijana na kwenda Uingereza, na huko akaandika kwa Kiingereza. Riwaya yake Paradise ilitoka mwaka 1994. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Tafsiri ya Kiswahili ya riwaya hiyo, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilichapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Ilipita miaka 28 kabla msomaji wa Kiswahili hajaisoma kwa lugha yake.

Unaweza kufanya nini? Kwanza, omba, na hakikisha ombi lako limeandikwa. Mkutubi anapoandika ripoti au kuomba vitabu kwa wafadhili, anahitaji ushahidi. Akisema tu "watu wanataka Kiswahili", hilo ni neno lake. Daftari lenye maombi arobaini ya vitabu vya Kiswahili ni jambo ambalo mfadhili hawezi kulipuuza kirahisi. Kama hakuna daftari la maombi, pendekeza lianzishwe. Msomaji anayetoka kimya haachi alama yoyote, na mwaka ujao rafu zitajaa vitabu vilevile.

Pili, tumia vitabu vya bure. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini ulioanza mwaka 2014, una hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Leseni yake ni huria: unaruhusiwa kupakua, kuchapisha, na hata kutafsiri hadithi kwa lugha yako. Mwalimu au kijana mwenye simu anaweza kupakua hadithi mara moja mahali penye mtandao, kisha kuzigawa kwa memori kadi. Mkutubi anaweza kuzichapisha na kuzishona ziwe vitabu vyembamba.

Je, kama maktaba iko mbali?

Kitabu kinaweza kumfuata msomaji. Mwaka 1996, Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia katika eneo la Garissa, kwa familia za wafugaji zinazohama. Mwaka 2014, katika kambi za wakimbizi wa Kongo nchini Burundi, shirika la Maktaba Bila Mipaka lilizindua Ideas Box, maktaba inayosafirishwa ndani ya makasha na kufunguliwa kwa muda mfupi ikiwa na vitabu, kompyuta na viti. Hata bila ngamia wala makasha makubwa, kikundi cha akina mama au kanisa, msikiti au shule kinaweza kumwomba mkutubi sanduku la vitabu la mwezi mmoja, mtu mmoja akiweka sahihi kulipokea na kulirudisha.

Waandishi wanaingia wapi?

Baadhi ya maktaba huandaa mazungumzo na waandishi. Usidhani ni hafla ya wasomi. Ukipata nafasi, uliza maswali ya kawaida: Ulianza vipi? Nani alisoma rasimu yako ya kwanza? Ulipataje mchapishaji?

Baadhi ya vitabu kuhusu kambi zetu vilianza kama mazungumzo. Omar Mohamed, Msomali aliyekulia Dadaab na mdogo wake Hassan, alisimulia maisha yake kwa mwandishi na mchoraji Victoria Jamieson. Wakatoa kitabu cha picha, When Stars Are Scattered, mwaka 2020, na majina yao yote mawili yako kwenye jalada. Valentino Achak Deng, aliyekimbia vita Sudan na kuishi Kakuma, alimsimulia Dave Eggers kwa miaka kadhaa. Riwaya ya What Is the What ilitoka mwaka 2006, na mapato yake yalisaidia kujenga shule ya sekondari Marial Bai, kijijini kwa Deng, iliyofunguliwa mwaka 2009.

Mifano hiyo inafundisha jambo moja: hadithi yako ni mali yako. Mtu akija kukuhoji kwa ajili ya kitabu, kubalianeni kwanza mambo haya:

- Jina lako litatumika, au litabadilishwa kwa usalama wako na wa ndugu waliobaki nyumbani?
- Utasoma au kusomewa maandishi kabla hayajachapishwa?
- Kukiwa na mapato, yatakwenda wapi?
- Nakala zitafika kwenye maktaba ya hapa, na kwa lugha gani?

Una haki ya kukataa, na kukataa hakupunguzi msaada wowote unaostahili kupata.

Ukienda maktaba wiki hii

Nenda na swali moja la kweli, si lazima liwe la shule. Sema lugha unayoisoma vizuri. Kama husomi, sema hivyo pia, na uliza kama kuna siku ya kusoma kwa sauti au darasa la watu wazima. Kitabu kisipopatikana, omba ombi lako liandikwe kwenye daftari, na urudi baada ya mwezi kuuliza limefikia wapi.