Gari la delivari linalia ukiliwasha? Anza na feni belti

Wapambanaji wenzangu mnaopeleka mizigo wenyewe, ule mlio wa "kwiii" asubuhi, au ukiwasha AC, mara nyingi ni feni belti inateleza. Msiuzoee. Mkanda ukiteleza alteneta haichaji vizuri, na kwenye magari mengi mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji, kwa hiyo injini inaweza kuchemka barabarani, mzigo uko kwenye buti na mteja keshalipa.

Mimi napima kwa maji. Injini inaunguruma, mikono na nguo mbali, narushia maji kidogo upande wa ndani wa mkanda. Mlio ukizidi, mkanda umelegea. Ukikata kidogo halafu ukarudi, huenda puli zimekaa upande, hiyo mpelekee fundi.

Kisha nazima, natoa funguo, nasubiri ipoe. Mkanda wenye nyufa, uliong'aa kama kioo au uliolowa oili haukazwi, unabadilishwa (na oili tafuta inakovuja, la sivyo mpya nao utakufa). Ukiwa mzima, legeza bolti za alteneta, vuta, kaza. Ukibonyeza kwa dole gumba pale mkanda ulipo mrefu, uingie kama sentimita 1, ila kitabu cha gari kikisema tofauti fuata kitabu. Ukikaza mno unaua beringi.

Magari yenye tenshena inayojikaza yenyewe hayana cha kukaza, tenshena ikichoka unanunua nyingine. Zile dawa za kupuliza kwenye mkanda mimi situmii, zinanyamazisha kelele siku mbili tu.