UKAME USIZAE UGOMVI

Mkulima, wajua jinsi ukame unavyokuja. Kwanza nyasi hukauka, kisha maji hupungua, kisha ghala huwa tupu. Jambo la nne ni ugomvi baina ya majirani, na wengi hawalitambui mpaka limekwisha fika.

Siku hizi dunia inazidi kupata joto, na joto hukausha udongo upesi. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu 5 ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu kavu za Kenya. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa.

Ugomvi hutokeaje? Tazama yaliyotukia Tana Delta. Huko Wapokomo hulima kando ya mto, na Waorma hufuga ng'ombe. Wakati wa kiangazi wafugaji hawana budi kwenda mtoni. Njia za ng'ombe za kufikia maji huitwa malka. Mashamba yakiziba malka, ng'ombe hupita katika mazao. Mwenye shamba hukasirika, mwenye ng'ombe hulipiza kisasi. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa huko. Ugomvi wa ardhi na siasa ulikuwamo pia, maana ukame peke yake haushiki panga. Lakini mwenye njaa hukasirika upesi, na mchochezi humpata kwa urahisi.

Basi, fanya mambo haya kabla ya kiangazi:

1. Usilime mpaka ukingoni mwa mto, wala usizibe njia ya mifugo. Kaeni pamoja na wafugaji na wazee, mpatane njia hizo zipite wapi.

2. Anika mahindi yakauke sawasawa kabla ya kuyaweka ghalani, na usiuze yote wakati wa mavuno. Panda pia mtama, mbaazi au muhogo, kwani huvumilia ukame.

3. Usichome mabua. Yaweke yawe chakula cha ng'ombe wako, au uyauze kwa mfugaji.

4. Ng'ombe wakiingia shambani, usiwakate. Mwite chifu na Bwana Shamba waone hasara, ulipwe kwa haki.

Gunia moja ghalani na njia moja iliyo wazi huokoa maisha ya watu. Anza sasa, mvua ingalipo.