KABLA HUJACHOKONOA SETINGI ZA KOMPYUTA, JUA KWANZA NJIA YA KURUDI

 

Leo tuongelee kitu ambacho wengi wanakifanya kimyakimya: kuchokonoa zile setingi za ndani za kompyuta wakati mtu hajui vizuri anachogusa. Ukimuuliza fundi atakwambia "wewe usiguse kabisa, niletee mimi". Ukifungua video za YouTube utaambiwa "fanya hivi, mashine yako itapaa kama ndege". Mimi siwaamini wote wawili. Fundi anataka hela yako, na yule wa YouTube anataka uangalie video yake. Hakuna hata mmoja atakayekuwepo kompyuta ikigoma kuwaka saa nne usiku na kesho ndiyo mwisho wa kutuma fomu ya Bodi ya Mikopo.

Msimamo wangu ni huu. Kugusa siyo dhambi, na wengi wanaoitwa mafundi leo walianza kwa kugusagusa. Ila kabla hujagusa jiulize maswali mawili: naijua njia ya kurudi nilikotoka? Na hii mashine ni ya nani?

SETINGI ZA NDANI NI ZIPI?

Kubadilisha picha ya ukutani au sauti siyo jambo la kuogopa. Nazungumzia zile ambazo ukikosea, kompyuta inabadilika tabia au haiwaki kabisa. Kuna rejista ya Windows, ile unayoifungua kwa kuandika regedit. Kuna msconfig. Kuna BIOS, ile skrini unayoingia kabla Windows haijawaka. Kuna DNS, yaani anwani ya mtambo ambao kompyuta inauliza "hii tovuti iko wapi?" kila unapofungua ukurasa. Na kuna kitu wengi hawakihesabu humo lakini kimo: saa na tarehe.

HASARA: WATU WANAPOINGIA MKENGE

1. Ushauri wa "ongeza spidi". Huu ni wa zamani sana. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, ulienea ushauri duniani kote kwamba Microsoft imeficha asilimia 20 ya intaneti yako, na ukienda kwenye setingi inayoitwa QoS ukaandika 0 utairudisha. Wengi walifanya hivyo na kuapa kwamba spidi imeongezeka. Microsoft wenyewe walieleza kwamba siyo kweli: ile nafasi inatengwa pale tu programu fulani inapoomba kipaumbele, na isipotumika wengine wanaitumia yote. Yaani watu walibadilisha kitu ambacho hakikuwa na tatizo.

Ndugu yake bado yupo mpaka leo. Utaambiwa fungua msconfig, nenda Boot, weka tiki kwenye idadi ya prosesa uchague namba kubwa. Ukweli ni kwamba Windows inatumia prosesa zote tangu mwanzo. Ile tiki kazi yake ni kupunguza, imewekwa kwa ajili ya watu wanaofanya majaribio. Ukichagua namba ndogo umeifunga mashine yako mguu. Na pale pembeni kuna tiki ya kumbukumbu, ukiichezea vibaya Windows inaweza isiwake.

2. "Futa faili hili, ni virusi." Mwaka 2001 ilizunguka barua pepe ikionya watu kuhusu faili la sulfnbk.exe. Mwaka 2002 ikaja nyingine kuhusu jdbgmgr.exe, lenye alama ya dubu mdogo. Barua zilisema hiki ni kirusi hatari, antivirus haikioni, kifute halafu waambie rafiki zako wote. Watu wakatafuta, wakalikuta kweli, wakashtuka, wakafuta. Lakini yale yalikuwa mafaili halali ya Windows! Lazima ulikute maana lilikuja na kompyuta. Hapo hakuna aliyetuma kirusi, mtumiaji mwenyewe ndiye aliyefanya kazi ya kirusi. Leo ujumbe wa namna hiyo unakuja kwa WhatsApp, ila mchezo ni uleule.

3. Kuzima masasisho ili kuokoa bando. Hili linatuhusu sana huku kwetu. Windows inameza MB zako, unakasirika, unazima masasisho moja kwa moja. Sababu naielewa kabisa. Ila kumbuka tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipolipuka na kufunga mafaili ya watu kikidai hela. Zilipigwa kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Dawa yake Microsoft walikuwa wameshaitoa mwezi Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao dawa ilikuwa haijaingia kwenye mashine zao.

4. Kurudisha tarehe nyuma. Mtu ana programu ya majaribio ya siku 30, siku zimeisha, anarudisha tarehe ya kompyuta nyuma. Halafu analalamika intaneti mbovu, kila tovuti inamwambia siyo salama. Sababu ni kwamba tovuti za https zina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikidhani tuko mwaka mwingine, inaona cheti hakifai na inakataa. Kwenye mashine kuukuu hata bila mtu kugusa, kabetri kadogo ka ndani (nyingi zinatumia CR2032) kakifa, tarehe inarudi miaka mingi nyuma kila ukizima. Kwa hiyo kabla hujamtukana mtoa huduma wako wa intaneti, angalia saa pale kwenye kona.

5. BIOS na umeme wetu. Kuingia BIOS kuangalia tu siyo tatizo. Tatizo ni kuisasisha. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, bodi ya kompyuta inaweza kugeuka pambo la mezani, na kuifufua kunahitaji fundi mwenye vifaa maalumu. Kwa mtaa ambao umeme unakatika bila hodi, kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, usijaribu.

FAIDA: MAMBO YANAYOSTAHILI KUGUSWA

Sasa wale wanaosema "usigusе kabisa" nao wasifurahi, maana kuna setingi ambazo usipozigusa ndipo unapoumia.

Ya kwanza ni kuonyesha mkia wa jina la faili. Windows tangu zamani inaficha zile herufi za mwisho kama .jpg, .doc au .exe. Mwezi Mei mwaka 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilizunguka dunia kikijiita LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa kuwa .vbs ilifichwa, wengi waliona TXT tu, wakadhani ni barua ya mapenzi ya kawaida, wakafungua. Kwenye Windows 10 fungua folda yoyote, nenda View, weka tiki kwenye "File name extensions". Baada ya hapo ukiona "picha.jpg.exe" kwenye fleshi yako utajua kuwa hiyo siyo picha.

Ya pili ni ugonjwa wetu wa kila siku: umetoka kuprinti, umechomeka fleshi nyumbani, mafolda yote yamekuwa shotikati. Wengi wanalia na kufomati. Subiri! Mara nyingi mafaili yako yamo, yamefichwa tu. Skani kwanza kwa antivirus. Halafu fungua cmd, na kama fleshi yako ni herufi E andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Piga enter, subiri, mafolda yanarudi. Ila angalia vizuri ile herufi. Ukiandika C badala ya E utakuwa unaamrisha mabadiliko kwenye diski ya Windows yenyewe. Herufi moja tu! Ndiyo maana nasema usinakili amri usiyoielewa.

Ya tatu ni kupunguza programu zinazojiwasha zenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Startup, zima zile usizohitaji mara kompyuta inapowaka. Usizime antivirus. Hii inasaidia kweli mashine zetu za mtumba zenye RAM ndogo, na ukikosea unarudi palepale unaiwasha tena.

Ya nne ni dawa ya bando. Badala ya kuzima masasisho kabisa, ingia kwenye setingi za Wi-Fi unayotumia, washa "Set as metered connection". Windows itajibana kwenye kupakua. Siku ukiwa na bando kubwa la usiku unaizima, unaacha masasisho yaingie. Wenye Windows 7 mjue Microsoft waliacha kuisaidia tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Hapo hata usipozima kitu, dawa mpya haziji kama zamani.

Ya tano ni lugha. Wengine wanabonyeza Yes kwa kila kitu kwa sababu Kiingereza cha kompyuta hakijakaa vizuri kichwani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na Windows nayo ina Kiswahili chake. Jaribu kwenye mashine yako. Ila kabla hujabadilisha, kariri menyu ya lugha iko wapi, maana maelekezo mengi mtandaoni bado ni ya Kiingereza na unaweza kupotea njiani.

KOMPYUTA YA KAFE SIYO YAKO

Hapa ndipo penye uzito. Ukiharibu ya kwako umejiumiza mwenyewe. Ukiharibu ya kafe, anayeumia ni dada anayekaa baada yako, ameomba nauli kutoka Ngaramtoni, ana saa moja tu ya kulipia.

Chukua mfano wa DNS. Ukiwa nyumbani unaweza kuweka 1.1.1.3 ya Cloudflare ikakuzuilia tovuti zenye virusi na za ngono, ni jambo jema kama kuna wadogo zako. Lakini setingi hiyohiyo ndiyo iliyotumiwa na wahalifu wa DNSChanger. Walibadilisha DNS kwenye kompyuta kama milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, watu wakawa wanaandika anwani sahihi na kupelekwa kwingine. FBI waliwanasa Novemba 2011. Kwa hiyo mtu akikuelekeza uweke namba za DNS usizozijua kwenye mashine ya kafe "ili upate intaneti ya bure", unaweza kuwa umewakabidhi nywila za wateja wote watakaokaa hapo.

Kafe nyingi zinajilinda kwa programu kama Deep Freeze. Ikiwekwa, chochote ulichobadilisha kinafutika kompyuta ikiwashwa upya. Inamfaa mwenye kafe, ila na wewe jihadhari: CV uliyosevu kwenye desktop nayo inaondoka. Tumia fleshi au jitumie kwa barua pepe.

Na usichukulie mzaha mambo ya kupenya nywila ya mhudumu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inasema kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila ruhusa ni kosa, na adhabu yake inaanzia faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka 1, au vyote. "Nilikuwa najifunza tu" haitakusaidia sana mbele ya hakimu.

KAMA LAZIMA UGUSE, FANYA HIVI

- Hakikisha mashine ni yako, au mwenyewe amekubali na anajua unachofanya.
- Nakili mafaili yako muhimu kwenye fleshi au diski nyingine kwanza.
- Washa System Restore na utengeneze alama ya kurudia. Kwenye mashine nyingi za Windows 10 huwa imezimwa, kwa hiyo usidhani ipo. Kwenye regedit, bonyeza File kisha Export kabla hujabadilisha kitu.
- Andika kwenye daftari, ndiyo, daftari la karatasi, setingi ilikuwaje kabla. Kompyuta isipowaka hutaweza kufungua noti ulizoandika ndani yake.
- Badilisha kitu kimoja, washa upya, tumia siku mbili tatu. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kipi kimeleta balaa.
- Ukiambiwa ubadilishe kitu, uliza kinafanya nini. Aliyekwambia asipojua, na wewe usiguse.

Mwenye kutaka kujifunza zaidi, tafuta kompyuta kuukuu isiyo na faili la mtu, hata ya kuchangishana wanne, muibomoe na kuijenga upya mpaka mchoke. Ile ya kafe mwachieni dada wa Ngaramtoni atume fomu yake.

Haya wadau, wewe ulishawahi kukutwa na lipi kati ya haya, na ulirudije? Tupia hapo chini na wenzako wajifunze. Nawasilisha.