Mashine Ichaguliwe kwa Mahali Pake
Pampu ya kisima ikivunjika Olbalbal, mifugo hukosa maji; hivyo karakana jirani yenye uwezo wa kuchonga vipuri ni ukombozi. Lakini mashine ya kwanza ya kuchonga chuma iongozwayo na kompyuta isichaguliwe kwa bei na kasi tu. Vumbi la majivu ya volkeno la Olbalbal husaga parafujo zake, kama vile chumvi ya bahari izitiavyo kutu huku Visiwani. Je, zimefunikwa? Umeme wa njia tatu upo? Nani amefunzwa kuitengeneza? SIDO, iliyoundwa mwaka 1973, na TEMDO ya Arusha, ya mwaka 1980, ziulizwe mapema. Viongozi wasiidhinishe fedha kabla ya majibu hayo. Mashine iliyolala ni hasara ya wananchi.