Tabibu Mpya Anatafuta Kazi

Kijana wenu akimaliza miaka 3 ya chuo cha utabibu, bado haruhusiwi kutibu. Kwanza asajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika, apate leseni. Halafu ndiyo aombe kazi. Nafasi za serikali katika zahanati na vituo vya afya hutangazwa, na maombi hupelekwa kwa mtandao. Hospitali za misheni nazo huajiri. Huko aende mwenyewe na vyeti vyake.

Sasa sikilizeni hapa. Akija mtu kusema, "Leteni laki 5, jina lake litatoka," msiuze ng'ombe! Kuomba kazi ya serikali hakulipiwi hata senti. Na akipangiwa mbali, tuseme Kigoma au Rukwa, tunawaomba wazazi msimzuie. Hapo ndipo mtafute hela: nauli, na godoro.